Umuganuro: sikukuu ya mtama iliyonyamazishwa, na swali lake kwa Waswahili wa Rumonge

Mwezi wa Desemba, Ulaya inapoingia katika majira ya baridi, jua huwa limeelekea kusini mwa ikweta na nusu ya kusini ya dunia huanza majira yake ya joto. Nchini Burundi, huo ndio uliokuwa wakati wa sikukuu kubwa kuliko zote za ufalme: Umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama. Iliadhimishwa kwa mara ya mwisho mwaka 1929. Karibu karne moja baadaye, si ajabu kumkuta kijana wa Rumonge au Gatete ambaye ameisikia kwa jina tu, likiwa limefuatana na neno moja la kuieleza: upagani.

Makala haya yanaeleza sikukuu hiyo ilikuwa nini, ilizimwaje, na kwa nini wasemaji wa Kiswahili wa ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ambao wengi wao ni Waislamu, wana sababu ya kuitazama upya bila kulazimika kugusa imani yao.

Neno lililofunika mambo mengi

Kila anayetafsiri habari kati ya Kifaransa na Kiswahili hukutana na neno hilo. Maandishi ya wamisionari na ya utawala wa kikoloni yanaitaja Umuganuro kuwa sikukuu ya kipagani, na mfasiri akiandika hivyo hivyo huwa amefanya kazi yake. Lakini neno lenyewe lina safari ndefu. Kwa Kilatini cha kale, paganus alikuwa mtu wa kijijini, mkaazi wa shamba. Dini ya Kikristo ilipoenea katika miji ya Dola ya Roma, watu wa mashambani walichelewa kuipokea, na jina la mkaazi wa shamba likageuka kuwa jina la asiyeamini. Wamisionari walilileta Afrika likiwa na maana hiyo ya pili.

Tatizo la neno hili ni upana wake. Linaweka katika kapu moja kuabudu mizimu, kupiga ngoma, kuhesabu miezi, kuchagua mbegu na kula chakula cha pamoja baada ya mavuno. Mtu akishaambiwa kwamba kapu zima ni najisi, halichambui tena. Analitupa pamoja na vyote vilivyomo. Hicho ndicho kilichotokea kwa Umuganuro.

Sikukuu yenyewe

Jina lake linatokana na kitenzi cha Kirundi kuganura, chenye maana ya kuonja mazao mapya au kuyafungulia msimu wake. Katika nchi jirani ya Rwanda, sikukuu yenye jina linalokaribiana, Umuganura, ni ya mavuno, na huadhimishwa hadi leo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti. Burundi ilikuwa na mkazo tofauti. Hapa sikukuu ilifungua msimu wa kupanda mtama, amasaka kwa Kirundi, nafaka iliyotoa ugali wa heshima na pombe ya impeke iliyonywewa katika kila jambo kubwa, kuanzia posa hadi matanga.

Wanahistoria wa Burundi, miongoni mwao Émile Mworoha aliyetafiti kwa kina falme za ukanda wa Maziwa Makuu, wanaieleza Umuganuro kuwa nguzo ya ufalme. Kiini chake kilikuwa katika nyanda za kati, upande wa Muramvya, zilikokuwa makao ya wafalme. Wataalamu wa ibada za kifalme, walioitwa abanyamabanga, yaani wenye siri, walitazama mwezi na mvua, kisha wakatoa shauri kwamba wakati umewadia. Watu walifika kutoka pande mbalimbali za nchi wakiwa na zawadi zao. Mwami, kama alivyoitwa mfalme, alionja chakula cha mtama mbele ya wakuu wake. Ngoma zilipigwa, na baada ya hapo nchi nzima ilikuwa na ruhusa ya kupanda.

Kabla ya hapo, ilikuwa mwiko kumtangulia Mwami kuutia mtama ardhini.

Katikati ya yote ilikuwapo Karyenda, ngoma kuu ya ufalme. Ilikuwa na watunzaji wake, na mwanamke aliyeitwa Mukakaryenda, jina linalomaanisha mke wa Karyenda. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma inayopigwa, na ufalme au utawala. Msemaji wa Kiswahili, ambaye kwake neno ngoma hubeba chombo, mchezo na shughuli kwa pamoja, hatashangazwa na hilo. Ila nchini Burundi uhusiano huo ulikuwa wa kisiasa kabisa: aliyekuwa na Karyenda ndiye aliyekuwa na nchi.

Kwa nini Desemba?

Mvua za Burundi huanza kunyesha kati ya Septemba na Oktoba na hukoma mwezi wa Mei, hufuatwa na kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti, ambacho kwa Kirundi huitwa ici. Mahindi na maharage ya mwanzo hupandwa mvua zinapoanza. Mtama wa nyanda za juu hungoja. Hupandwa yapata Desemba na Januari, ardhi ikiwa imekwisha kulowa, nao huivishwa na jua la kiangazi na kuvunwa mwezi wa Juni au Julai, takriban nusu mwaka baadaye.

Kungoja huko kuna hatari zake. Anayepanda mapema mno mtama wake hukomaa mvua zikiwa bado zinanyesha, na masuke huoza. Anayechelewa huukuta ukame kabla nafaka haijajaa. Tena shamba moja linaloiva peke yake, mbele ya mengine yote, huwa karamu ya ndege wa bonde zima. Mashamba yakiiva kwa wakati mmoja, ndege huyagawana na hasara ya kila mmoja hupungua. Kwa hiyo amri ya kungoja siku moja kwa wote, iliyovikwa vazi la ibada na heshima ya mfalme, ilikuwa pia na manufaa ambayo mkulima yeyote anayaelewa bila kuelezwa.

Jambo hili halikuwa la Burundi pekee. Katika nchi za Wagaeli, yaani Ireland na Scotland, mwanzo wa majira ya joto uliadhimishwa tarehe 1 Mei kwa sikukuu ya Beltane. Wafugaji waliwasha mioto miwili na kuwapitisha ng'ombe katikati yake kabla ya kuwapeleka kwenye malisho ya mlimani. Kwa mgeni, ule ulikuwa ushirikina wa moto. Kwa mfugaji, ilikuwa siku ya kuhamisha mifugo, ambayo kijiji kizima kiliijua. Sikukuu hiyo ilififia, na tangu mwaka 1988 imefufuliwa mjini Edinburgh ikiwa tamasha la utamaduni, ingawa wengi wanaohudhuria hawana hata ng'ombe mmoja.

Ilivyonyamazishwa

Mwami Mwezi Gisabo aliwapinga Wajerumani kwa miaka mingi kabla ya kukubali mkataba wa Kiganda mwezi wa Juni 1903. Alifariki mwaka 1908. Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916 wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na baadaye wakakabidhiwa kuisimamia kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, pamoja na Rwanda, kwa jina la Ruanda-Urundi. Mfalme waliyemkuta, Mwambutsa, alikuwa ametawazwa mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo.

Kwa utawala huo mpya, Umuganuro ilikuwa na makosa mawili kwa mpigo. Kwa wamisionari, ilikuwa ibada ya kipagani iliyowazuia watu kuingia kanisani. Kwa watawala, ilikuwa siku ambayo nchi nzima ilikumbushwa kwamba mwenye ruhusa ya kupanda si ofisa wa Kibelgiji. Sababu ya kwanza ndiyo iliyosemwa kwa sauti, lakini ya pili haikuwa na uzito mdogo. Baada ya mwaka 1929 sikukuu haikufanyika tena, na waliokuwa wakiitunza walibaki na siri ambayo haikuwa na kazi.

Muda mfupi baadaye, katika miaka ya 1930, wakulima walianza kushurutishwa kupanda kahawa. Kalenda ya nchi ikahama. Miezi iliyopangwa kwa kufuata mtama ikaanza kupangwa kwa kufuata zao la biashara, na tarehe za kodi zikachukua nafasi ya tarehe za ngoma.

Alama ya mtama hata hivyo haikufutika haraka. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, bendera ya ufalme ilibeba picha ya Karyenda pamoja na mmea wa mtama. Ufalme ulipoangushwa na jamhuri kutangazwa tarehe 28 Novemba 1966, ngoma iliondolewa katika bendera, na kwa miezi michache mtama ulibaki peke yake katikati. Ni mwezi wa Machi 1967 ndipo mahali pake palipochukuliwa na nyota tatu tunazoziona leo.

Ufukwe uliokuwa mlango

Waswahili wa Rumonge wanaweza kuuliza: haya yalitokea Muramvya, milimani, sisi yanatuhusu nini?

Ufukwe wa ziwa una historia yake. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi kupitia Tabora ilifika Ujiji, na kutoka hapo majahazi na mitumbwi ilibeba wafanyabiashara, lugha ya Kiswahili na dini ya Kiislamu hadi upande huu wa kaskazini. Biashara hiyo ilikuwa pia ya watumwa, na majeshi ya Mwezi Gisabo yalipambana na watu wa Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyetaka kuisogeza mamlaka yake kutoka Ujiji. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki, Mapadri Weupe, nao waliingilia mlango huohuo: walifika Rumonge mwaka 1879, na watatu kati yao waliuawa hapo tarehe 4 Mei 1881.

Kwa maneno mengine, dini zote mbili zilizokuja kuyaita mambo ya kale upagani au ushirikina zilipita Rumonge. Na jamii iliyozaliwa kwenye mlango huo, ikichanganya watu wa Imbo, wa milimani, wa Kigoma na wa upande wa pili wa ziwa huko Kongo, ilizoea kuambiwa kwamba ni ya wageni. Waliorejea kutoka ukimbizini Tanzania, wakiwa na Kiswahili chao, nao wameisikia kauli hiyo. Mtu anayeitwa mgeni ana sababu mbili za kuiacha Umuganuro: dini yake inamwambia ni ya makafiri, na jirani yake anamwambia ni ya Warundi. Sababu hizi mbili zikikutana, mtoto wa Gatete hukua akiamini kwamba historia ya nchi anayolima na kuvua ni mali ya mtu mwingine.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Wazazi wa watu wa ufukweni nao walipanda na kungoja mvua. Samaki, chumvi na mawese vilipanda milimani, vyakula vya milimani vikashuka ziwani. Mtu anayekula kutokana na msimu huwa ndani ya msimu huo, awe anaswali au anakwenda kanisani.

Walichofanya watu wa Makunduchi

Waislamu wa Afrika Mashariki wana mfano wao wenyewe wa kufikiria. Kusini mwa kisiwa cha Unguja, katika kijiji cha Makunduchi, kila mwezi wa Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa. Asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, ulio wa zamani kuliko Uislamu. Wanaume hupigana kwa migomba mpaka kinyongo cha mwaka uliopita kiishe. Kibanda cha makuti huchomwa moto baada ya mzee kuingia, naye hutoka kabla moto haujakolea. Wanawake huimba wakiwa wamevaa nguo mpya, na mgeni yeyote anayepita hukaribishwa chakula. Wanaofanya haya ni Waislamu, na misikiti yao iko palepale.

Kwa nini hawakuuacha? Jibu moja liko katika hesabu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja ukilinganishwa na jua. Hilo halina shida kwa Ramadhani wala kwa Hija. Lakini mkulima akisema atapanda mwezi wa Shaabani, baada ya miaka michache Shaabani itamwangukia kiangazini. Wakulima na mabaharia wa pwani walihitaji mwaka wa jua, wakaupata katika Nairuzi: siku 365, zilizohesabiwa kwa makundi ya siku kumi kumi, kila kundi likiitwa mwongo. Nahodha alijua mwongo wa kufunga tanga, na mkulima alijua mwongo wa kuchoma shamba. Hata hesabu hiyo haikuwa kamilifu: kwa kuwa haikuwa na mwaka mrefu, ilisogea siku moja katika kila miaka minne. Hata hivyo ilitosha kwa maisha ya mtu mmoja.

Tangu zamani wapo masheikh wasioipenda Mwaka Kogwa, na wapo wanaoiona mila isiyogusa itikadi. Mjadala huo ni wa kweli na hauishi leo. Lakini umewezekana kwa sababu watu walichambua kapu: wakauliza lipi ni ibada, lipi ni hesabu ya siku, lipi ni chakula na upatanisho. Kwingineko hatua za serikali zimefuata mkondo huo. Algeria, nchi ya Kiislamu, ilianza mwaka 2018 kuifanya Yennayer, mwaka mpya wa kilimo wa Waamazigh, kuwa sikukuu ya taifa tarehe 12 Januari.

Umuganuro nayo inaweza kuchambuliwa hivyo. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo Mwislamu au Mkristo hatayarudia: kuitukuza ngoma kana kwamba ina uhai, na kumwona mfalme kuwa chanzo cha mvua. Mlikuwa na pombe, ambayo Mwislamu haigusi. Lakini mlikuwa pia na siku ya kukubaliana wakati wa kupanda, mlo wa pamoja, heshima kwa mbegu, na wito kwa watu wa kila pembe ya nchi kukutana mahali pamoja. Haya hayana dini inayoyakataza.

Ngoma ni ya nani?

Swali la nani mwenye urithi huu si la nadharia. Ngoma za Burundi, zinazochongwa kwa mti uitwao umuvugangoma, yaani unaoifanya ngoma iseme, zinajulikana duniani kote, na Gishora karibu na Gitega bado ni mahali pa kuzitazamia. Mwaka 2014, UNESCO iliuingiza mchezo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwezi wa Oktoba 2017, amri ya rais ilikataza wanawake kupiga ngoma hizo, ikazuia maonyesho nje ya shughuli rasmi bila idhini, na kuweka malipo ya faranga 500,000 kwa wanaotaka kuzialika.

Wapo waliosema amri hiyo inalinda kitu kitakatifu kisiuzwe kwenye kila harusi. Wapo waliouliza itakuwaje ngoma ambayo zamani ilikuwa na mwanamke katika ulinzi wake ikatazwe sasa isiguswe na mwanamke. Vyovyote iwavyo, jambo moja ni wazi: urithi usiozungumzwa na wengi huamuliwa na wachache. Jamii ya Waswahili ikijitoa yenyewe katika mazungumzo hayo kwa kuyaita ya kipagani, haitapata nafasi ya kulalamika kwamba haikuulizwa.

Nani anasema "pandeni"?

Siku hizi mkulima wa Imbo hasubiri neno kutoka Muramvya. Hungoja utabiri wa taasisi ya serikali ya hali ya hewa, IGEBU, unaosomwa redioni. Humsikiliza ofisa kilimo. Hutazama mawingu juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Na mvua zimekuwa hazitabiriki. Miaka ya karibuni maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kuingia katika nyumba na mashamba ya ufukweni, Rumonge ikiwemo, baada ya misimu ya mvua kubwa kupita kiasi.

Upande wa uvuvi, desturi ya kungoja pamoja imerudi kwa njia nyingine. Mwaka 2024, nchi zinazolizunguka ziwa zilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, yaani sehemu kubwa ya kiangazi, ili samaki wapate kuzaana. Wavuvi wengi waliumia, kwa maana ndagala na mukeke ndio ada ya shule na ndio mboga ya jioni. Lakini hoja iliyotolewa ni ileile ya Umuganuro: mtu mmoja akitangulia, wote wanapoteza, wote wakingoja, kila mmoja anapata zaidi. Tofauti ni kwamba ziwa lilipofunguliwa hapakuwa na sikukuu. Palikuwa na tangazo tu.

Huenda hapo ndipo lilipo funzo la sikukuu hii ya kale kwa wanaopanga sheria za leo. Watu huvumilia kungoja wanapojua kwamba kungoja kutakwisha siku moja, mbele ya wote, kwa chakula kilichoshirikiwa. Amri isiyo na karamu mwishoni mwake hubaki kuwa adhabu.

Desemba itakuja tena, na mtama utapandwa milimani bila ngoma kuutangulia. Wazee wenye kumbukumbu za baba na babu zao kuhusu Umuganuro bado wapo, milimani na hata kando ya ziwa, lakini idadi yao inapungua kila kiangazi. Mwalimu wa shule, mwalimu wa madrasa au katekista anayemtuma mtoto akamwulize mzee jinsi watu walivyojua siku ya kupanda hatakuwa amemfundisha upagani. Atakuwa amemfundisha kuhesabu mwaka wa nchi yake.